Mkwe, Plagi na Mimi

Samuye, Shinyanga
Jumatano, baada ya mavuno ya pamba, 1982

Kwa mdogo wangu Eufrasia, Buseresere

Mwangaluka, mdogo wangu. Pokea salamu hizi kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto, maana zimejaa mpaka ukingoni. Umeamkaje? Mgongo uliokuwa unakukamata ukiinama kupalilia umekuachia, au bado unaishi nao kama mke mwenza? Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Mwambie aache ile tumbaku ya kusokota. Akikataa, mwambie nimesema mimi, na akikataa tena, mfichie kiberiti. Sisi hapa tu wazima. Mguu wangu wa kushoto bado unalalamika asubuhi, lakini wiki hii nimeusahau kabisa, kwa mambo yaliyonipata. Eufrasia, dada yako ametengeneza gari! Kaa chini nikueleze. Kama umesimama na sufuria jikoni, liepue kwanza.

Anayeandika ni mwanao Justa. Unajua mimi na herufi hatujawahi kuamkiana. Nimemketisha kwenye kigoda, karatasi ameiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na nimemwambia ataandika ninavyosema mimi, si anavyotaka yeye. Asinilainishie maneno yawe kama mahubiri ya katekista. Kila tukimaliza kipande ananisomea, na nikisikia neno lisilo langu analifuta. Tena tangu nilipofika jana kutoka Kharumwa sijamwambia kilichoamuliwa huko. Ananizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ameniletea ugoro bila kutumwa, ameniosha miguu bila kuombwa, na bado sijafungua mdomo. Atajua kwa mkono wake mwenyewe, mstari kwa mstari. Sasa hivi ameniangalia vibaya. Andika na hilo, Justa.

Habari za ndoa yake ulizisikia nusu, kwa hiyo ngoja nikupe na nusu ya pili. Mumewe, Baba Mageni, alikuwa anachimba dhahabu huko kwao Kharumwa, leo shimo hili, kesho lile, wakati mwingine anapata na wakati mwingine anapata vumbi. Msimu wa kupalilia uliopita akayachukua madume yao ya kulimia, akayauza, akanunua Landrova kuukuu. Hakumwambia mkewe neno. Justa alitoka kisimani na ndoo kichwani akakuta zizi lina nafasi na uwanja una gari. Alisema mbele ya majirani kwamba kama mwanamume ameoa gari, basi gari limpikie. Akamfunga Mageni mgongoni, akaja kwetu. Na mimi, unanijua, sikumtuliza. Nilisimama pale dukani Samuye nikatangaza kwamba binti yangu hatalala chini ya Landrova wakati mama yake yu hai. Maneno yakishatoka mbele za watu hayarudi tumboni. Kaka yetu Mihayo akayadaka, akasema ndoa imekufa, ng'ombe wa watu warudishwe, na kikao kikaitishwa kwa baba mkwe, Mzee Stanslaus, Jumapili iliyopita baada ya ibada. Justa alipoulizwa alisema fanyeni mnavyoona. Neno hilo tu. Mimi nikadhani ni neno la mtu aliyechoka.

Mihayo alitangulia na lori la pamba, akaniambia nipande basi. Basi lipi? Petroli hakuna, Shinyanga mjini mabasi yamelala kama ng'ombe wagonjwa. Na unajua Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yanazuiwa barabarani. Mihayo alikuwa amesema wazi kwamba saa nane ikipita na sisi wa upande wa mke hatujaonekana, yeye atasema kwa niaba yetu na mambo yataisha. Nami nilitaka yaishe kwa mdomo wangu, si kwa mdomo wa Mihayo. Basi Jumamosi jioni nani anatokea na Landrova yake? Mkwe! Baba yake alimtuma aje kunichukua, isije ikasemwa kwamba walimficha mama wa mtoto. Hakuingia kwetu, alilala kwa jirani, akatuma salamu kwa mkono wa watu, na mimi nikazipokea kwa mkono wa watu.

Alfajiri Justa alinifungia chakula, michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na karanga, kwenye kitambaa cha zambarau, kifundo kikubwa kama kichwa cha mtoto. Halafu akachukua debe akasema anakwenda kujaza maji kwenye rejeta ya gari. Nilishangaa. Gari hilohilo alilolitukana miezi yote hii! Lakini mume alikuwa bado anaoga kwa jirani, nikasema moyoni labda anataka kulitemea mate. Usinikazie macho, Justa, hayo ndiyo niliyofikiri.

Sasa, namna ya kukaa. Wewe unajua desturi yetu. Mimi na mkwe wangu wa kiume hatutazamani usoni, hatuli pamoja, hatugusani mikono, na jina lake sijalitia kinywani tangu siku alipotoa mahari. Kwa hiyo mimi nilikaa nyuma kwenye bodi pamoja na kuku wangu jike niliyemchukua wa zawadi, nimejifunika kanga uso mzima. Mbele alikaa Mama Zakir. Unamkumbuka? Dhanbai, mjane wa Jafferali mwenye duka la vitambaa Kharumwa, yule anayeongea Kisukuma kuliko sisi. Alikuwa amekwenda Shinyanga kwa ndugu zake, na tulimkuta njiani akitafuta usafiri. Nilishukuru, maana mtu wa katikati alipatikana. Nikitaka kukojoa namwambia Mama Zakir amwambie dereva. Dereva akitaka kujua kama mashimo yananiumiza, anamwambia Mama Zakir aniulize. Tuko hatua moja, nasikia kila neno, naye ananisikia, lakini kila kitu kinapita kwa Mama Zakir kwanza. Mwisho alichoka, akasema Yaa Ali, yeye alizaliwa muuza vitambaa, si waya wa simu. Akaanza kuongeza na yake. Mimi nikisema mwambie apunguze mwendo, yeye anamwambia mama mkwe wako anasema unaendesha kama mtu aliyeiba mbuzi.

Tulipita Solwa vizuri. Tulipopita Salawe gari likaanza kikohozi. Kwanza linatetemeka, halafu linasukuma, halafu linakata tamaa, halafu linashtuka kama mtu aliyeota vibaya. Tukaingia kwenye mbuga ya udongo mweusi, unajua ile isiyo na mti wa kujifichia hata panya, na hapo ndipo likatembea kama mzee aendaye kuomba radhi, mwisho likasimama. Mkwe akafungua boneti. Akasema, kwa Mama Zakir, kwamba ni petroli chafu ya magendo. Akafungua mrija akaupuliza mpaka mashavu yakawa kama ya mpiga filimbi, akasafisha kabureta, akapiga hendeli. Injini ikawaka, lakini inatetemeka na kukoroma, ukiitia gia inakufa. Akafungua tena, akapuliza tena. Jua likapanda. Mwisho akakaa chini na kusema injini imekufa, basi, kila kitu kimekufa. Sauti aliyosemea hilo, mdogo wangu, haikuwa ya injini peke yake.

Likapita gari la ng'ombe limebeba mafurushi ya pamba. Mama Zakir akasema anakwenda nalo mpaka kijiji kilicho mbele, kuna watu wenye trekta, atarudi na fundi au na chuma chochote. Nikamsihi asituache wawili. Alicheka, akapanda juu ya mafurushi na sari yake kama malkia wa pamba, akapunga mkono, akaenda!

Haya. Mimi upande huu wa gari, mkwe upande ule. Mbuga nzima, jua, na kuku. Kivuli kilikuwepo kimoja tu, cha gari lenyewe, na kilikuwa upande wangu. Yeye alikuwa upande wa jua, na hakuvuka. Nilimsikia akihamahama, ardhi inamchoma, lakini hakuvuka. Nikaona hatutaweza kukaa hivyo mpaka saa nane ipite na Mihayo amalize mambo. Nikaliambia gari. Ndiyo, gari. Nikasema wewe gari, mwulize mwenye wewe, jua liko wapi? Halafu nikasikia naye analiambia gari, mwambie mama, jua bado halijafika katikati, tunaweza kuwahi kama wewe ungeamka. Basi tukapata wa katikati mpya, na huyu haongezi maneno!

Nikaona kama gari linasikia vizuri hivi, niliulize na la moyoni. Nikasema wewe gari, mwenye wewe alikununuaje kwa madume ya mke wake bila kumwambia? Kisha akaliambia gari kwamba shimo lake la mwisho lilijaa maji na kila alichokuwa nacho kilibaki chini. Aliona aibu. Akasikia gari linauzwa, akafikiri atabeba mizigo ya wachimbaji, atasimama tena, na ndipo amwambie. Hakumwambia mapema kwa sababu angesema hapana, na angekuwa na haki. Hivyo hivyo alisema, na angekuwa na haki. Mimi nilikuwa nimejiandaa na matusi ya kumjibu, mazuri kabisa, ya kwetu ya zamani, nikayaweka akiba kwa Mihayo.

Akaongeza kitu kingine ambacho sikukitilia maanani wakati ule. Alisema Landrova ile inamtii Mama Mageni, yaani huyu Justa, kuliko inavyomtii yeye, maana mke alirudi mara mbili kuchukua vyombo vyake, na mara zote mbili alimkuta akihangaika na gari akamsukuma pembeni akakaza plagi mwenyewe. Mkono wake yeye mume ni mzito, anakaza mpaka chuma kinalia. Mkono wa mke unajua pa kuishia. Na mara ya pili alipoondoka, spana ya plagi nayo ikapotea.

Akawasha tena. Akaliambia gari, laiti ungekuwa na mtu wa kukutazama tumboni mimi nikiwa nakanyaga mafuta, maana nikikanyaga sioni, na nikiona sikanyagi. Nikaliambia gari, mwambie akanyage. Nikajikaza na mguu wangu, nikaenda mbele, nikainamia injini. Uso nimeufunika na kanga kama inavyotakiwa, nimeacha upenyo wa jicho. Ngurumo, moshi, joto kama la chungu cha pombe. Chi-chi-chi, chi-chi-chi. Naangalia, sijui ninachoangalia. Vidude vinne vimejipanga ubavuni, kila kimoja na waya wake kichwani. Mimi nikaona kama ndama wanne kwenye kamba. Nikainama kwa wa kwanza, hakuna kitu. Nikainama kwa wa pili, pembe ya kanga yangu ikaanza kucheza! Chi-chi-chi, na kanga inapepea, chi-chi-chi, na kanga inapepea. Na upepo mbugani hakuna, hata manyoya ya kuku yametulia. Nikasogea kwa wa tatu, kanga ikalala. Wa nne, imelala. Nikarudi kwa wa pili, ikaruka! Pumzi ya injini ilikuwa inatokea hapo, kama kibuyu cha maziwa ambacho kizibo hakikukaa.

Eufrasia, nilisahau kila kitu. Nilisahau desturi, nilisahau umri, nilisahau mguu. Nilitupa kanga mabegani, nikapiga kelele kwa sauti yote Mungu aliyonipa: Jilala! Jilala wee, njoo uone!

Ndiyo, Justa, andika hilo jina. Nililitaja. Nililitaja mara mbili, na ningelitaja ya tatu kama asingefika.

Aliruka kutoka kwenye usukani, tukagongana macho. Tukasimama. Yeye akatazama chini, mimi nikatazama juu, na injini katikati yetu inaendelea na chi-chi-chi yake. Nikamwambia haya, nimeshakutaja na sijafa, wewe angalia plagi. Akazima, akachomoa waya, akaigusa kwa ncha ya kidole. Inacheza! Inacheza kama jino la mtoto wa shule! Akasema mama, imelegea tu. Injini haijafa, mama, plagi imelegea tu! Akarukaruka kwenye udongo mweusi kama mcheza ngoma. Na mimi? Mimi nilipiga vigelegele peke yangu mbuga nzima, kuku akaogopa akaingia chini ya gari.

Furaha ikakutana na kazi. Kuikaza kwa nini? Spana hakuna, na plagi ni ya moto. Nikampa kanga aizungushie mkono, akaikaza kwa vidole, tukapiga hendeli, tukasogea kidogo, ikafunguka tena. Kanga imeungua pembe, ile niliyonunua kwa Mama Zakir sikukuu ya Noeli. Akajaribu kwa koleo dogo, likateleza likamchubua. Jua sasa lilikuwa katikati. Halafu spana ikapatikana. Ilipatikana wapi, tulia, nitakuambia mahali pake. Ikapatikana, akaikaza plagi mpaka ikakaa, akapiga hendeli, na Landrova ikaunguruma kama simba aliyeshiba. Mkononi mwangu nilisikia boneti inatetemeka sawasawa, bila kikwazo.

Wakati huohuo tukamwona Mama Zakir anarudi juu ya gari la ng'ombe, ameshika nyundo. Nyundo tu, maana fundi alikwenda msibani na spana zake ziko kwenye sanduku lenye kufuli. Alipoona mimi na mkwe tumesimama uso kwa uso, mikono myeusi mpaka viwikoni, alisema ameondoka akituacha wakwe, amerudi ametukuta mafundi, na sasa hajui amtanie nani. Nikamwambia atatutania wote njiani, apande upesi. Safari hii nilikaa mbele, yeye katikati, na hakuombwa kupeleka neno hata moja. Alisema kazi yake ya simu imekwisha na hajalipwa hata sukari ya magendo. Desturi nayo sikuiacha ikiwa uchi. Kwa kulitaja jina la mkwe lazima utoe kitu, nikamtoa kuku wangu pale pale, nikampa Jilala kichwa kikitangulia, mambo yakawa safi.

Tulikimbia, mdogo wangu! Vumbi nyuma yetu kama jeshi. Mama Zakir anasoma dua, mimi naimba, Jilala anasikiliza injini. Tuliingia Kharumwa watu wametoka ibadani zamani, na Mihayo amesimama katikati ya uwanja wa Mzee Stanslaus, mkono mmoja hewani, anasema kwa kuwa upande wa mke hawakuona umuhimu wa kufika. Nikashuka nimejaa masizi usoni, kanga imeungua, nikamwambia kaka, shusha mkono, upande wa mke umefika, tulikwama mbugani.

Mihayo akadaka hapo hapo. Akauliza wazee, mtu anayemwacha mama mkwe wake juani kwenye mbuga, huyo ni mume? Mtu ambaye gari lake limemshinda, atawezaje nyumba? Wazee wakatikisa vichwa, na mimi nikaona kweli ndoa inakwenda kufa. Mzee Stanslaus akanigeukia akaniambia Mama Justa, sisi tunasikiliza neno lako, ng'ombe wa mahari wako zizini kwenu, ukisema warudi kwetu watarudi. Jilala alisimama nyuma ya watu, karibu na gari lake, anatazama miguu yake.

Nikasema hivi. Nikasema mimi ndiye niliyetangaza dukani kwamba binti yangu hatalala chini ya Landrova, na leo mchana mimi mwenyewe nimelala karibu chini yake, na nimeona kilichoko. Nikasema tulipokwama, mwanamume huyu alisema kila kitu kimekufa, na kaka yangu hapa anasema hivyo hivyo, lakini kilichokuwepo ni plagi moja iliyolegea. Kuuza madume bila kumwambia mke ni kosa, tena kubwa, na silifuniki. Aje Samuye na baba yake, aseme kosa hilo mbele ya watu walewale walionisikia dukani. Na kuanzia leo hakuna dume litakalouzwa wala gari litakalonunuliwa mpaka mke amesema ndiyo kwa mdomo wake. Akikubali hayo, ng'ombe wabaki walipo. Justa akikataa, hilo ni la Justa, si la Mihayo na si langu. Mzee Stanslaus akasema sawa. Wazee wakasema sawa. Jilala alisema ndiyo kwa sauti ambayo hata kuku wake aliisikia. Mihayo alinuna mpaka wali ulipokuja, akala sana.

Justa ameacha kuandika. Kalamu iko hewani. Nimemwambia aendelee, bado sijafika.

Sasa, spana. Haya sijamwambia mtu, si Mzee Stanslaus, si Mihayo, si Mama Zakir. Tulipokuwa tumechoka pale mbugani, koleo limeshindwa, nikaona tule kwanza. Nikafungua kile kifundo cha zambarau nimgawie mkwe sehemu yake nimwekee juu ya boneti, nile yangu nikiwa nimempa mgongo. Nikatia mkono kwenye michembe. Nikashika chuma. Eufrasia, ilikuwa ndani kabisa, chini ya karanga, imefungwa na kipande cha khaki. Spana ya plagi! Ile iliyopotea siku aliyoondoka. Na debe la maji ya rejeta alfajiri likanijia machoni palepale, na mume yuko anaoga.

Mwanao Justa ndiye aliyeilegeza plagi. Mkono unaojua pa kuishia unajua pia pa kuanzia. Aliilegeza kidogo tu, ili tufike mbali ndipo ijifungue, mahali ambapo mimi na mumewe hatuna wa kumkimbilia. Halafu akanifungia spana katika chakula changu. Alitaka tukwame, hakutaka tupotee. Angetaka ndoa ife angekaa kimya, gari lingekwenda, na Mihayo angemaliza kazi. Kumbe lile neno fanyeni mnavyoona halikuwa la mtu aliyechoka, lilikuwa la mtu aliyesema maneno makubwa mbele ya majirani na hakuona njia ya kuyameza. Amefanana na nani? Usijibu.

Sikumwambia Jilala kitu. Nilimwekea michembe yake juu ya boneti, na spana nikailaza juu ya michembe, nikampa mgongo kama desturi. Halafu nikasikia mwanamume mzima anacheka na kulia kwa pumzi moja, anaita Mama Mageni, Mama Mageni, kana kwamba yuko kisimani anamsikia. Nikala karanga zangu nikatazama mbali.

Justa, usijifute na karatasi, wino utaharibika. Tumia kanga.

Jilala yuko barabarani, hapo penye duka nilipotangaza, na Landrova yake. Amenileta jana, akalala kwa jirani, na baba yake anakuja nyuma kwa lori la pamba kusikiliza maneno yatakayosemwa. Asubuhi nilipita kwenye gari, nikafikiri niilegeze ile plagi tena, nikaona hawa wawili wameshakwama vya kutosha. Nimemwambia asikanyage uwanja wangu mpaka aitwe. Barua hii ndiyo atakayoipeleka posta Shinyanga. Atakayempelekea barua na spana ni atakayetaka kwenda. Asipotaka, nitakwenda mimi na mguu wangu, na hakuna atakayelaumiwa katika nyumba hii. Spana ndiyo hii, nimeiweka juu ya kinu.

Justa amesimama. Nimemwambia akae. Hakuna mtoto wangu atakayekimbilia mume kabla hajamaliza salamu za wakubwa!

Basi, msalimie shemeji, umkumbushe ile tumbaku. Wasalimie wanao wote, aliyeolewa na asiyeolewa, na yule wa mwisho mwambie bibi, maana mimi ni mama mkubwa wake lakini meno yamekwisha, anamwekea karanga. Wasalimie majirani zako wa Buseresere walionipa ndizi mwaka juzi, na yule mama wa kanisani mwenye sauti ya tarumbeta. Mageni anakusalimu, sasa hivi anatafuna pembe ya kanga iliyoungua. Mama Zakir ananiagiza nikuambie kanga mpya zimefika. Mistari naona inakwenda mbio na kupinda. Sijui kusoma lakini mistari ninaiona, Justa. Andika taratibu.

Kaa na afya, mdogo wangu, mpaka tuonane na tucheke hili kwa midomo yetu wenyewe. Hapa chini naweka dole gumba langu. Wino wa kupakia dole hatuna, nimelipaka masizi ya plagi yaliyobaki kwenye kanga.

Ni mimi dada yako akupendaye kuliko ugoro,
Nyamizi, Mama Justa

Mama mdogo, shikamoo. Hapa naandika ya kwangu, mama anadhani bado naandika jina lake. Sikulia kama alivyosema, ni moshi wa jikoni. Barua naipeleka mwenyewe.